Pamba Tupu ya Mama Kiberiti

Ukifika Mafiga, hapa Morogoro, ukauliza anapoishi Bernadeta fundi, utazungushwa hadi viatu viishe soli. Uliza kwa Mama Kiberiti, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke.

Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Bernadeta ana miaka hamsini na minne, mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa, na kazi yake ya miaka yote ni kushona nguo za watoto wachanga: vifulana, kofia, magauni ya ubatizo. Mama mjamzito akija na kitambaa chake na kusema, "Hii ni pamba, muuzaji ameniapia," Bernadeta habishani naye. Anachomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, anaushika kwa kibano, anawasha kiberiti.

Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini ambalo ukilipuliza linaondoka. Wa poliesta hauna uungwana huo. Hujikunja, hunuka ndoo ya plastiki iliyotupwa motoni, kisha hujikusanya ukawa kipunje cheusi, kigumu. Kikishapoa, Bernadeta hukiweka kwenye kiganja cha mwenye kitambaa na kusema, "Hiki ndicho unachotaka kumvika mwanao." Halafu anarudi kwenye cherehani yake kama vile hakusema neno. Wateja wengine walinuna wakahama. Wengi walirudi, na kitambaa kingine.

Majirani husema ana wazimu wa pamba. Mimi nasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka aliyemuuma Bernadeta anajulikana. Mtoto wake wa kwanza, Ignas, alikuwa na miezi minane. Alivaa kisweta cha nailoni, cha mtumba, kizuri, chenye picha ya bata kifuani. Jiko la mkaa likarusha cheche. Ingekuwa pamba, ingetoboka kitundu, mtoto angelia, ungempuliza, yangeisha. Nailoni iliyeyuka ikaganda kwenye mkono wa kushoto, na Bernadeta alipokivuta kile kisweta kwa nguvu ili amwokoe mwanawe, ngozi ikaja na kisweta.

Ignas sasa ni dereva wa lori. Mpaka leo anavaa mikono mirefu, hata Januari, na joto la Morogoro la Januari halina utani. Hajawahi kumlaumu mama yake hata siku moja. Bernadeta amekuwa akitamani miaka yote hii siku moja amlaumu, wayamalize.

Kwa hiyo, ule ukali wanaouona watu Mafiga si ukali. Ni woga. Bernadeta anaogopa kila nguo inayokaribia mtoto mchanga, na njia pekee aliyoipata ya kuutuliza woga huo ni kuwasha njiti. Aliwahi hata kufukia vipande viwili vya nguo chini ya mpapai wake uani, kimoja cha khanga kuukuu, kingine cha gauni la poliesta. Masika mawili yakapita, akafukua. Khanga ilikwisha kuwa udongo, minyoo inajipitia. Poliesta aliisuuza kwenye beseni, maua yake yakarudi kama siku ya dukani. "Kitu ambacho hata ardhi imekikataa," alimwambia binti yake Happiness, "ngozi ya mtoto itakikubali vipi?"

Basi Happiness alipoolewa na Abel, kijana wa Iringa anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mama yake alikuwa amejiandaa zamani.

Kwao Bernadeta ni Matombo, kwenye milima ya Uluguru, na kule mama yake alikuwa na desturi ya kutotupa khanga. Ikishapauka kwa kufuliwa mtoni miaka na miaka, hukunjwa na kuwekwa, ikimsubiri mjukuu atakayezaliwa na binti, maana kwa Waluguru mtoto wa binti ndiye wa ukoo. Nguo mpya haimgusi mtoto mchanga. Ina wanga wa kiwandani, ina rangi isiyotulia. Khanga iliyozeeka vizuri unaweza kuipitisha juu ya jicho na jicho lisihisi kitu.

Bernadeta naye alikuwa na sanduku lake, la bati, la rangi ya bluu, chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na khanga kumi na moja, sita kati ya hizo za marehemu mama yake, pamoja na vifulana alivyovishona kwa khanga nyingine zilizochakaa. Pamba tupu, kila uzi umepimwa. Na kwa kuwa mende wa Mafiga wanapenda nguo nzuri kuliko hata wenye nguo, aliweka dawa: vile vidonge vyeupe vya naftalini, vinavyouzwa na wamachinga katika vifuko, ambavyo harufu yake humpanda mtu hadi kwenye paji la uso. Kila pembe ya sanduku vidonge viwili. Vikipungua, anaongeza. Alifanya hivyo miaka tisa. Kila alipofunua sanduku harufu ile ilijaza chumba, na kwa Bernadeta, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya usafi.

Happiness alijifungua mwezi wa Aprili, masika yamekolea, Uluguru yote imejifunika mawingu hata usingejua kama kuna milima. Alizaa mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Akaitwa Amosi, jina la marehemu baba yake Abel. Kesho yake wakaruhusiwa, na Happiness akaletwa kwa mama yake kulelewa uzazi, Abel akarudi kwenye miwa.

Hapa kuna jambo moja, na ni heri nilitaje mapema. Bernadeta alikusudia kuzifua khanga zote kabla hazijamgusa mtoto. Mvua ikamkatalia. Kamba ya nguo uani haikuwahi kukauka wiki nzima, na nguo ya masika hubaki na ubichi, na ubichi humletea mtoto kichomi. Hilo hakuna mwanamke wa milimani asiyelijua. Tena zilikwisha kufuliwa na kuchemshwa kabla ya kuingia sandukuni. Alichofanya ni kuzitoa na kuzikung'uta. Vidonge viwili vikabingirika sakafuni, akaviokota na kuvirudisha. Akamfunga mjukuu wake khanga ya kwanza mwilini, ya pili juu yake, na kipande cha tatu kichwani. Akasogeza pua kwenye shingo ya mtoto, akavuta pumzi.

"Ananukia usafi," akasema.

Siku ya pili Esther, mama yake Abel, akashuka kutoka Iringa na blanketi. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye manyoya laini, jipya, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu.

"Kwetu kuna baridi, Mama Happy," akasema. "Nililinunua siku ile ile Abel aliponiambia kuna mimba. Nimelala nalo kichwani miezi sita."

Bernadeta alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyopasa. Kisha mkono mmoja ukaenda mfukoni.

"Mama, tafadhali," Happiness alisema kwa sauti ya chini.

Uzi ulikwisha kunaswa na kibano. Ukajikunja, ukanuka, ukawa kipunje. Bernadeta akakisubiri kipoe, akakiweka kwenye kiganja cha Esther.

"Plastiki, Mama Abel." Hakusema kwa dharau. Alisema kwa huzuni ya kweli, na pengine hilo ndilo lililouma zaidi. "Si kosa lako, wanatudanganya. Lakini huyu hatumfuniki hii."

Esther akakitazama kile kipunje. "Watoto wangu wanne wamekulia kwenye mablanketi ya namna hii," akasema. "Mungu akawalinda."

"Wangu alikuwa mmoja, na nilishindwa kumlinda," Bernadeta akajibu.

Blanketi likarudi mfukoni mwake, mfuko ukapandishwa juu ya kabati. Esther hakuondoka. Ni mtu wa adabu, na mjukuu alikuwa wake pia. Alikwenda jikoni akakoroga uji wa mzazi, akatia pilipili manga, akautia na machozi mawili matatu ambayo hakuna aliyeyaona isipokuwa mimi ninayesimulia.

Siku ya tatu asubuhi Happiness aliita. "Mama, hebu njoo hapa dirishani."

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Ile sehemu nyeupe ya macho haikuwa nyeupe. Bernadeta alimsogeza kwenye mwanga, akambonyeza pua kidogo kwa kidole, akaachia. Ngozi ikabaki njano.

Jirani mmoja alipoitwa alicheka. Manjano ya uzazi hayo, akasema, kila mtoto anayo, mwanikeni juani asubuhi mbili tatu yataondoka. Lakini jua lilikuwa wapi? Nje kulikuwa na ukungu na matone kwenye majani ya mpapai. Bernadeta akafunua sanduku, akatoa khanga ya nne. Akikosa jua, basi asikose joto. Mtu mwenye hofu hushika kile anachokiamini, na yeye aliamini khanga. Jioni ya siku hiyo mtoto akawa njano hadi kifuani, na Bernadeta akatoa ya tano.

Siku ya nne Amosi aliacha kulia. Ndicho kitu cha kwanza Bernadeta alichokigundua alipoamka: kimya. Happiness alikuwa amemweka kwenye ziwa, mtoto ana chuchu mdomoni, lakini hanyonyi, amelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui, mama. Nilifikiri amelala."

Bernadeta alikwenda uani na beseni la nepi za vipande vya khanga. Mikono yake ilihitaji kufanya kitu. Alifungua kipande cha kwanza akaona doa la mkojo, na doa lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, iliyokolea majani. Akajiambia ni khanga inachuja rangi. Akakisugua kwenye maji, akakikamua, akaangalia maji. Khanga ile ilikuwa ya mama yake, haikuwa imechuja rangi tangu Happiness hajazaliwa. Fundi wa nguo hawezi kujidanganya kwa habari ya rangi. Akakaa chini kwenye tope na gauni lake, akaita kwa sauti ambayo hakuitambua, "Mama Abel! Tafuta bajaji!"

Ndani ya bajaji mvua ilikuwa inapiga turubai. Bernadeta alimkumbatia mtoto kifuani, amemfunika na khanga ya sita usoni ili upepo usimpige. Aliomba njia nzima. Hakuomba kwa maneno mazuri. Alisema tu: huyu hapana, huyu hapana.

Daktari wa zamu aliitwa Catherine, msichana mdogo kwa umri, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Alimwamkia Bernadeta shikamoo huku tayari anamvua mtoto nguo. Alichukua damu kisiginoni. Majibu yalipotoka hakuzunguka.

"Manjano imepanda sana, na damu yake imepungua. Inavunjika kwa kasi kuliko anavyoitengeneza. Ikiendelea hivi inaweza kufika kwenye ubongo."

Happiness aliuliza, "Atakufa?"

"Tunafanya kila kitu asifike huko," daktari akasema, na Bernadeta alisikia kwamba hakusema hapana.

Amosi akawekwa chini ya taa ya bluu, uchi, macho yamefunikwa. Alikaa hivyo mchana kutwa na usiku wake. Asubuhi kipimo kikashuka, hata akanyonya kidogo. Wanawake wale watatu, Bernadeta, Happiness na Esther, walishikana mikono bila kukumbuka blanketi wala kipunje. Nesi akaruhusu mtoto atolewe kwenye taa kwa muda, akae na mama yake. Bernadeta akafungua kikapu, akatoa khanga nyingine kavu za sandukuni, akamfunga vizuri. Alasiri kipimo kikapanda tena, kupita mwanzo.

Daktari Catherine alikuja, akavuta kiti. "Nisaidieni. Kuna kitu mmempa? Dawa za kienyeji, maji ya majani, chochote? Sigombezi mtu."

Happiness akatikisa kichwa. Esther akatikisa kichwa. Bernadeta akamtazama Esther, akaukumbuka ule uji na yale maji aliyokuwa akimchemshia Happiness jikoni, na naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alitamani awe yeye. Alitamani Esther afunue mdomo akiri.

Daktari akainama kusikiliza kifua cha mtoto. Alipomaliza kusikiliza hakuinuka. Akabaki pale pale, pua karibu na khanga.

"Bibi, nguo hizi mliziweka wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Sandukuni."

"Na vile vidonge vyeupe vya mende? Nasikia harufu."

Swali lilikuwa dogo, limeulizwa kwa upole. Lakini Bernadeta aliona uso wa Happiness ukigeuka kumtazama, akaona na Esther ananyanyua kichwa, na hofu ikamjia ya namna nyingine kabisa, isiyomhusu mtoto. Ilimhusu yeye.

"Hapana," akasema. "Ni harufu ya sanduku tu. La zamani. Nguo nimefua na sabuni ya mche."

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Akasema basi itabidi watafute sababu nyingine, na damu itafutwe haraka maana huenda mtoto akaongezewa. Mara nesi akamwita kwenye wodi ya pili, kuna mama amezidiwa. Akaondoka.

Bernadeta alikaa kwenye benchi. Alimwona Happiness akiifunga upya ile khanga, akiikaza shingoni. Fundi mzuri akiona nguo imekunjamana begani, hatazami bega. Anatafuta ni mshono upi unaovuta. Bila kutaka, Bernadeta akaanza kutafuta. Siku ya kwanza khanga tatu, mtoto mzima. Siku ya tatu khanga nne, njano. Tano, amelegea. Chini ya taa, uchi: nafuu. Khanga: amezidiwa. Akaunyoosha mshono ule kichwani mara mbili, mara tatu, ukafika kila mara pale pale, kwenye pembe nne za sanduku la bluu.

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakumsema Bernadeta, lakini siku ile aliona wamemtaja kwa jina.

Na bado hakuinuka. Nataka mlijue hilo, maana mwenyewe halifichi. Alikaa. Aliuona mkono wa Ignas, na kile kisweta chenye bata. Mara ya pili, alifikiri. Mikono ile ile. Ainuke aende wapi, aseme nini, na Happiness atamtazama kwa macho gani, na huyu mwanamke wa Iringa aliyewekewa kipunje kiganjani? Pengine daktari atagundua mwenyewe. Pengine ni kitu kingine. Ukutani palikuwa na saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alipojibu "sabuni tu", na sasa ilikuwa inakaribia saa tisa na dakika arobaini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hicho hakikuwa kinamjia yeye. Kilikuwa kinamjia Amosi.

Mtoto akatoa sauti, si kilio, ni kama mtu anayesafisha koo. Bernadeta akasimama.

"Mvue," akamwambia binti yake. "Mvue hizo nguo."

"Mama, atapata baridi."

"Mvue, Happy."

Akashika ncha ya khanga mwenyewe, na hapo mikono ikagoma. Mara ya mwisho alipovuta nguo mwilini mwa mtoto, alivuta pamoja na ngozi. Vidole havikuweza kufungua fundo. Ikabidi aanze upya, taratibu, pembe moja, kisha ya pili, akifunua huku anaangalia ngozi iliyo chini. Ngozi ilikuwa nzima. Njano, lakini nzima. Akazikusanya khanga zote, na zile za kikapuni, na kipande alichokuwa amejifunga Happiness mabegani, akazitoa hadi nje ya wodi, akazitupa kibarazani. Kisha akatembea hadi wodi ya pili.

"Daktari," akasema mlangoni, mbele ya manesi na wazazi wa watu. "Nimekudanganya. Vidonge vilikuwamo. Vinane. Kwa miaka tisa."

Daktari Catherine hakumgombeza. Alikwenda naye karibu mbio, akaeleza huku anarudisha mtoto kwenye taa. Kuna watoto, akasema, na huku kwetu si wachache, wanaozaliwa na upungufu fulani kwenye damu usioonekana kwa macho. Wanaweza kukua na kuzeeka wasijue. Lakini mvuke wa vidonge vile ukiwaingia, chembe za damu zinapasuka.

"Ni pamba," Bernadeta akasema, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Ni pamba tupu, daktari. Kila uzi niliuchoma."

"Pamba haina kosa, bibi. Pamba inanyonya unachoipa. Ukiipa jasho inanyonya jasho, ukiipa sumu inanyonya sumu."

Nesi akaja kuuliza nguo safi za mtoto, atahitaji kufunikwa wakati wa kuwekewa damu. Chochote Bernadeta alichokuwa nacho kilikuwa kimetoka kwenye sanduku.

Esther akainama chini ya benchi, akavuta begi lake la safari. Akatoa ule mfuko wa plastiki wenye zipu.

"Nilidhani hospitalini kutakuwa na baridi," akasema. Hakumtazama Bernadeta. "Nilikuja nalo tu."

Akabaki amelishika, akisubiri. Angeweza kumpa nesi moja kwa moja, lakini alisubiri.

"Mfunike," Bernadeta akasema. "Mfunike, dada."

Abel alifika jioni hiyo, ametoka na matope ya shambani, akatoa damu. Siku mbili zilizofuata sitazisimulia, kwa kuwa Bernadeta mwenyewe hazikumbuki vizuri. Anakumbuka saa ya ukutani. Anakumbuka alimwambia Esther, "Sijui niseme nini," na Esther akajibu, "Usiseme, Mama Happy. Sali." Siku ya tatu mkojo ukarudi rangi ya maji, na Amosi akalia kwa hasira, kilio kirefu cha mtu aliyecheleweshewa chakula. Wodi nzima ikageuka kumtazama Bernadeta, maana yeye alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko mtoto.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwakalisha. Damu imetulia, akasema. Vidonge hivyo visiingie tena kwenye nyumba anamolala huyu mtoto. "Kuna jambo moja bado. Manjano ikipanda kiasi kile, wakati mwingine huumiza masikio. Sasa hivi hatuwezi kujua. Akifika miezi minne, angalieni kama anageukia sauti. Akifika sita mleteni apimwe."

Ilikuwa njiani kurudi, bajaji imesimama kwenye foleni, ndipo Happiness alipozungumza na mama yake kwa mara ya kwanza tangu ile alasiri.

"Vidonge hukujua, mama. Hilo nimelielewa. Lakini alikuuliza. Alikuuliza kabisa, nikiwa pale, na ukaniacha nikaendelea kumfunga. Nusu saa nzima." Akaangalia nje. "Kama hasikii, nitakuwa nafikiria ile nusu saa."

Miaka ishirini na tisa Bernadeta alikuwa amengoja mtoto wake mmojawapo amlaumu, akiamini kwamba lawama ingemaliza kitu. Ilikuja, ya haki, kutoka kwa binti yake. Haikumaliza kitu.

Siku hizi ukimpelekea Mama Kiberiti kitambaa, huchoma uzi kama kawaida. Lakini kabla ya kiberiti hunusa, na kabla ya kunusa huuliza: ilikaa wapi, na ilikaa na nini? Sanduku la bluu liko uani, kifuniko wazi, jua na mvua vyake. Khanga za mama yake amezifua mara nyingi hata amesahau idadi, ziko kambani mchana kutwa, na hakuna mtoto anayefungwa nazo. Vile vidonge vinane alitaka kuvifukia chini ya mpapai. Alikwisha kuchimba shimo, akasimama na jembe mkononi, akakumbuka papai huliwa na nani. Akavipeleka hospitali, wakavichukua, wakacheka kidogo, maana hawajawahi kuletewa kitu kama hicho.

Amosi alitimiza miezi minne mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne. Mvua zilikwisha kitambo, Uluguru ilikuwa wazi hadi kileleni. Bernadeta alimlaza kitandani juu ya blanketi la Esther, uso ukielekea dirishani, akapita nyuma yake polepole ili asimwone. Happiness alisimama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amesema wanachofanya.

Bernadeta akatoa kiberiti mfukoni. Hakukiwasha. Alikisogeza karibu na sikio la kulia la mtoto, akakitikisa, njiti zikagongana ndani. Mtoto akaendelea kutazama mwanga wa dirishani. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto alikuwa anacheza na vidole vyake. Bernadeta akahamia upande wa kushoto. Akatikisa.

Kichwa kidogo kikageuka. Taratibu, bila haraka, macho yakatafuta, yakakiona kiberiti, yakakitazama. Amosi akatabasamu na ufizi wake mtupu.

"Amesikia," Happiness akasema. "Mama, amesikia." Akaja akamshika mama yake bega, mara ya kwanza tangu Aprili.

"Upande huo," Bernadeta akasema.

Bado miezi miwili kabla ya kipimo. Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani yake, Mama Kiberiti huenda kwa mjukuu wake na kiberiti mkononi, na huanzia sikio la kulia.